Majina ya Ipililo yaliyobaki kwenye kompyuta ya zamani

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Kwandu Mahona anasoma sentensi moja kwa mara ya sita. Imeandikwa kwa Kiingereza katikati ya ukurasa mweupe, na maana yake ni kwamba faili la orodha halifunguki. Mkono mmoja uko kwenye kibodi. Mwingine umeshika simu, na upande wa pili yuko mtu wa maabara ya hospitali, anauliza kama orodha imerudi.

"Bado, kaka. Nipe dakika kumi."

Ni mara ya pili anaomba dakika kumi.

Orodha yenyewe ni ya wachangia damu. Kikundi cha kujitolea mjini Bariadi kimeandikisha watu zaidi ya elfu mbili wa Simiyu: jina, kijiji, namba ya simu na kundi la damu. Damu ikipungua, watu wa maabara wanafungua tovuti ya kikundi, wanatafuta kundi wanalolitaka, wanapiga simu. Tovuti hiyo inakaa kwenye kompyuta moja, seva, ndani ya chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kwandu, mwenye miaka thelathini na nne, ndiye mlinzi wake. Mama yake huko Sapiwi akiulizwa binti anafanya kazi gani, hujibu kwamba anachunga orodha.

Kikundi kinampa shilingi elfu sitini kwa mwezi. Riziki yake hasa hutoka kwenye tovuti za shule na maduka anazotengeneza.

Asubuhi hii kuna Monika, mama wa miaka ishirini na sita kutoka Sapiwi, mimba ya tatu, kondo la nyuma limekaa chini na damu imeanza kutoka. Lazima apasuliwe leo. Damu yake ni O hasi, ambayo kwa huku ni adimu. Hospitali ina chupa moja, daktari anataka mbili ziwe tayari kabla ya kushika kisu. Ndugu wamepimwa wote, hakuna aliyelingana naye.

Na orodha haifunguki.

Kosa, Kwandu anasema bila kuzunguka, lilikuwa lake. Jana yake jioni alihamishia orodha kwenye kompyuta mpya, kwa sababu diski ya ile ya zamani ilikuwa imeanza kugonga ndani kama mtu anayebisha hodi. Alilinakili faili kwa haraka, akachomoa waya, akaondoka.

Sasa faili kwenye seva lina mwenyewe, kama mlango ulivyo na mwenye ufunguo. Yeye alilinakili kwa jina lake. Programu ya tovuti ikija kwa jina lingine, inakataliwa. Hilo analiona mapema, anabadilisha ruhusa, anajaribu tena. Sentensi ni ileile.

"Nilihisi joto masikioni," anasema. "Unajua kuna mtu kitandani, na wewe unabishana na sentensi."

Kilichobaki ni folda. Programu inapofungua orodha hutaka kuweka faili dogo pembeni yake. Ikizuiwa kuweka hilo dogo, hata lile kubwa hailifungui. Anaipa folda ruhusa nayo, na saa tatu na dakika ishirini tovuti inafunguka.

Wenye O hasi wanaotokea ni wanne. Mtu wa maabara anapiga simu zote mbele ya mume wa Monika, Luhaga, aliyesimama hapo tangu alfajiri. Wa kwanza alichangia mwezi uliopita, bado haruhusiwi. Wa pili amehamia Geita. Wa tatu ni mjamzito mwenyewe. Wa nne simu imezimwa.

Kwandu anaposikia hivyo anashtuka, maana anakumbuka kulikuwa na wa tano. Wiki tatu zilizopita walikwenda Ipililo, wilayani Maswa, wakapima watu kwenye uwanja wa kanisa na kuwaandikisha kwa simu moja kwa moja kwenye orodha. Mmoja, mkulima wa mpunga, aliambiwa damu yake ni adimu akacheka, akasema basi mahari ya binti zake ipande.

Anatafuta neno Ipililo kwenye orodha. Hakuna hata mtu mmoja.

Hapo ndipo anaelewa alichofanya. Programu hii ya orodha haiandiki jina jipya kwenye faili kubwa papo hapo. Huliweka kwanza kwenye faili dogo la pembeni, kisha baadaye huyamimina yote ndani ya kubwa. Jana alichukua lile kubwa tu. Watu wa Ipililo walibaki kwenye lile dogo.

"Mimi ni mtoto wa wafugaji," anasema. "Nilihamisha ng'ombe nikamwacha ndama."

Anampigia katibu wa kanisa la Ipililo. Katibu anawakumbuka watu, lakini hakumbuki makundi yao ya damu. Na kompyuta ya zamani haipo tena chumbani. Jana hiyohiyo Kwandu alimpa Elia, fundi wa karibu na stendi, aipige window upya ili aiuze. Kupiga window ni kufuta kila kitu.

Elia hapokei simu. Kwandu anachukua bodaboda, na njiani anapiga mara saba.

Anamkuta fundi anakula maandazi, simu ipo kwenye chaja. Anamuuliza kwa sauti ya chini, maana anaogopa jibu, kama ameshaanza ile kompyuta. Elia anamwonyesha kwa kidole, juu ya rafu.

"Dada, mimi mashine ya mtu huwa siigusi siku tatu. Kwetu Bukundi mtu akihama na ng'ombe, zizi la zamani halivunjwi siku hiyohiyo. Jioni wapo ng'ombe wanaorudi."

Anaongeza kwamba wateja humwita mvivu kwa ajili hiyo. Kwandu ameshaishusha kompyuta kutoka kwenye rafu.

Wanaiwasha. Diski inagonga mara moja, inanyamaza, inagonga tena. Safari hii anachukua mafaili yote mawili kwa pamoja, na kwa kuwa lile kubwa la kwenye seva limeshafunguliwa asubuhi na huenda limebadilika, hathubutu kulichanganya na hili dogo. Anayaweka haya mawili kwenye folda yao peke yao. Nakala inatembea polepole, inasimama, inatembea. Elia ameacha kutafuna.

Majina yanatokea. Nyanda Limbu, Ipililo, O hasi.

Simu inaita muda mrefu. Anapokea mtu anayepumua kama aliyekimbia kutoka shambani. Kwandu anamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," anaitikiwa, anaeleza. Mzee anauliza ni chupa ngapi. Anaambiwa moja.

"Haya. Ila mwambieni huyo binti asubiri. Mimi nina pikipiki, sina ndege."

Anafika saa saba na dakika arobaini, magoti yana tope. Anapimwa upya kwanza, ndipo anatolewa damu. Saa tisa na nusu Monika anaingizwa chumba cha upasuaji, na kabla ya saa kumi na moja anatoka, yeye na mtoto wa kike, wote wako hai.

Kwandu angeweza kwenda nyumbani. Anakwenda wodini badala yake, anamtafuta Klementina, mama mkwe wa Monika, na kumwambia kwamba asubuhi ile ilipotea kwa kosa lake.

Klementina hamlaumu wala hampi pole.

"Ng'wanawane, mwanangu, hao waliokuwa wamepotea umewapata wote?"

Swali hilo ndilo linalomnyima raha mpaka leo. Majina ya Ipililo yaliyorudi ni thelathini na nane. Mwisho wa lile faili dogo ulikuwa umeharibika na diski. Kwandu akamuuliza tena katibu wa kanisa, naye akasema siku ile kila aliyepimwa alipewa soda, na chupa tupu zilizorudi dukani zilikuwa arobaini na moja.

"Labda kuna waliokunywa mbilimbili," anasema Kwandu. "Naomba iwe hivyo."

Tangu siku hiyo ameomba kikundi kimpe mtu wa kukaa naye kila anapohamisha kitu, amuulize kama amehesabu, hata kama yeye atakasirika. Nakala ya pili ya orodha anataka ikae Maswa, kwa mtu mwingine kabisa.

Jumatatu anakwenda Ipililo na daftari. Atapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alichomwa kidole siku ile ya soda na jina lake halimo.