Nyanya Alipotaka Kurudi Rurambo

Harufu ya maharage yaliyoungua ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya mtaa wa Kavimvira, Uvira, msimu ule wa vita. Nyanya alikuwa akibandika chungu, akienda kuchota maji, kisha anasahau vyote viwili, nami namkuta uani ameshika ndoo tupu, akitazama huku na huku. Mama alikuwa amevuka kwenda Burundi kuuza mafuta ya mawese, kisha mpaka wa nchi ukafungwa nyuma yake. Majirani walikimbia mmoja mmoja. Tukabaki wawili, mimi nikiwa na miaka tisa, na mwenzangu alikuwa haniiti tena kwa jina langu. Chumvi aliificha chini ya godoro, kisha akamlaumu mwizi. Kila jua lilipoanza kuteremka alijifunga kitenge, akaniaga kwa adabu kama mgeni, akashika njia ya kwenda kukama ng'ombe wa baba yake huko Rurambo milimani, ng'ombe waliokwisha zamani. Nilijifunza kutobishana naye. Nilimfuata tu, nikisema ng'ombe wameshakamwa, hadi akubali kugeuka.

Alasiri moja hakugeuka. Tulifika kwenye kizuizi cha askari, na mmoja wao, kijana mwembamba, akainua bunduki na kutuamuru tusimame. Nyanya alimsogelea, akampangusa vumbi shavuni.

"Tumekungojea sana, mwanangu. Umekula?"

Kijana alinitazama, akamtazama nyanya, kisha akateremsha bunduki.

"Bado, mama," akajibu polepole.

Akamshika mkono, akaturudisha hadi nyumbani, akaondoka. Nyanya aliimaliza jioni ile akimsifu mwanawe. Mimi nilimwonea wivu mtu yule.

Mpaka ulipofunguliwa, mama alikuja mbio, akanikumbatia mlangoni. Nyanya alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, kisha akanionyesha kwa kidole.

"Huyu mutoto ananisaidia sana. Minye sijui ni wa nani. Mupe chakula, halafu umupeleke kwao."

Siku hizi wauguzi wa hapa Uvira wanaueleza ugonjwa huo wa kusahau kwa upole, na familia huketi pamoja kupanga zamu za kumtunza mgonjwa. Wakati ule watu wachache waliobaki mtaani walisema nyanya amelogwa, wakapita mbali na ua wetu. Nimeshaishi peke yangu katika miji kadhaa tangu hapo. Hakuna hata mmoja ulionitenga na watu kama nyumba ile yenye watu wawili.