Wimbo wa Kutwanga Muthokoi

Mimi huimba bila maneno. Ukiniuliza ninaimba nini sitakujibu, kwa sababu sijui mpaka kinywa kifunguke, na nikishakifunga sikumbuki sana. Majirani zangu wa mtaa wa Makina walishachoka kuuliza. Mmoja aliwahi kunibishia mlango mchana kweupe akitaka kujua kama naumwa ama nanena kwa lugha. Nilimwambia niko kazini. Alinitazama juu mpaka chini, akaenda zake.

Kazi ya kuleta unga nyumbani ni kufundisha kuimba. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikienda Kawangware, ambako kanisa moja la mabati lilinipa ukumbi wake. Wanafunzi wangu walikuwa akina mama wa kwaya, waliozoea kubana koo hadi mishipa inawatoka shingoni. Ili kuwalegeza niliwafumbisha macho, nikaanza kubuni sauti yoyote inayokuja, nao wakanifuata. Simu zote zilizimwa. Hapo nilikuwa mkali kwelikweli, maana sipendi kurekodiwa. Kilichoimbwa kimeisha, tusonge mbele.

Jumamosi moja, nikiwa katikati ya kubuni, sauti moja iliacha kunifuata. Ilikuwa ya mama wa makamo, mwenyeji wa Kitui, ambaye huuza githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kando ya barabara hapo Kawangware. Wiki hiyo alikuwa amefiwa na mama yake, na mwili ulikuwa mochari huko kwao ukisubiri mazishi. Hata sikutarajia kumwona darasani. Nilipofungua macho alikuwa analia.

"Mwalimu, hiyo umetoa wapi?"

"Hiyo gani, mama?"

"Hiyo umeimba saa hii. Hiyo ni ya mama yangu. Alikuwa anaimba akitwanga muthokoi."

Sasa mimi kwetu ni upande wa ziwa. Najua muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka yakatoka maganda, lakini nimekutana nayo kwenye sahani tu. Kitui sijawahi kukanyaga. Nilimwambia hivyo, naye akatikisa kichwa kana kwamba namficha kitu.

"Imba tena," akasema. "Nilikuwa nimeisahau kabisa. Jumamosi ijayo tunazika, nataka kumwimbia kaburini."

Nikaimba. Akasema siyo hiyo. Nikaimba tena, siyo. Nikawauliza wenzake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mmoja alisema sauti ilipanda, mwingine akaapa ilishuka, wa tatu akasema yeye alikuwa amesinzia. Nimefundisha watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kuniomba nirudie kitu ambacho hata mimi sikujua nimekisema. Na mama wa watu amesimama mbele yangu, ananiangalia kama niliyemfungia mlango.

Tukakubaliana niwe nikienda kwenye kibanda chake jioni, akiwa anauza. Jumatatu nilienda. Naye anakoroga sufuria, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naimba, na wateja wanatuangalia. Siyo hiyo. Jumanne, siyo hiyo. Jumatano nikakasirika.

"Mama, mimi si redio!"

"Pole, mwalimu. Lakini hapo huwa haipandi. Hapo inashuka, hivi." Akaishusha kwa koo lake mwenyewe.

Kumbe kipande hicho alikuwa nacho. Kisha nikaimba kipande kingine, vibaya makusudi.

"Aa, hapana. Hapo inangoja mchi ugonge, ndiyo iendelee." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akaendelea.

Basi nikawa nakosea tu. Kila nilipokosea alinisahihisha, na kila aliponisahihisha kilitoka kipande kingine. Kufikia Alhamisi jioni alikuwa nao wote, mwanzo hadi mwisho, koo limelegea kuliko nilivyowahi kumsikia. Nilijivunia. Lakini pia nilichanganyikiwa zaidi, kwa sababu nilisikiliza wimbo huo wote na sikuona hata sehemu moja niliyoweza kusema hii ni ya kwangu, hii ndiyo niliyoimba siku ile.

Ijumaa akasafiri. Jumapili, niko nyumbani nafua, akanipigia simu.

"Mwalimu, tulizika salama. Niliimba."

"Ikawaje?"

"Watu walilia sana. Lakini dada yangu mkubwa ameniuliza hiyo wimbo nimetoa wapi. Anasema mama hakuwa anaimba. Eti alikuwa anatwanga kimya, na sisi tukileta kelele anatufukuza."

"Labda dada amesahau."

"Yeye ndiye alikuwa anatwanga na mama. Mimi nilikuwa mdogo sana."

Nilisimama na povu mikononi, simu nimeibana kwa bega. Nilimkasirikia huyo dada nisiyemjua. Angengoja basi hata matanga yaishe. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana kuna sehemu yangu iliyofurahi. Kama mama hakuimba, basi wimbo ulikuwa wangu, na watu walikuwa wamelia kaburini kwa kitu nilichokitoa hewani. Halafu nikakumbuka alivyonisahihisha. Mtu husahihishaje kitu ambacho hakikuwahi kuwako?

"Mwalimu, uko?"

"Niko."

"Niambie tu ukweli. Wewe ndiye unajua hizi vitu. Hiyo wimbo ni yako ama ni ya mama?"

Sikujua. Ningemwambia sijui, na huo ndio ungekuwa ukweli wangu wote. Lakini nilimsikia anavyopumua, pumzi fupi za juu, zilezile nilizokuwa nikimkataza darasani, na nikaona hawezi kubeba neno hilo kutoka Kitui mpaka Kawangware.

"Ni ya mama," nikasema.

"Basi dada ndiye amesahau."

"Eeh. Amesahau."

Akashukuru, akaanza kulia upya kwa nguvu. Mimi nikabaki na simu begani, nikimsikiliza. Mpaka leo sijui kama nilimrudishia mama yake, au nilimbunia mwingine.