Nilivyolinda Betri za Drili ya Baba

Harufu ya ule waya wanaouyeyusha mafundi wa redio wanapochomelea, mpaka leo hunifanya nimkazie macho mtu asiye na kosa. Mume wangu hucheka. Hajui kwamba kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kumshuku mtu, na niliifanya kwa moyo wote.

Baba alikuwa seremala, nasi tulikaa Igogo. Alikuwa na drili ya betri, ya zamani, nzito, aliyopewa na bosi wake wa ujenzi siku bosi anahama Mwanza. Ubavuni ilikuwa na jina la kampuni kwa rangi nyeupe. Baba alilikwangua kwa kisu, maana sasa drili ilikuwa yake. Ilipozeeka ikawa ukiichaji usiku kucha inatoboa tundu moja, inaguna, inazima. Wakati huo baba alikuwa amepata kazi ya kufunga milango ya nyumba nzima kule Usagara, mahali ambapo umeme ulikuwa haujafika, na mwenye nyumba alishasema akicheleweshewa atatafuta fundi mwingine. Betri za aina ile madukani zilikuwa zimekwisha zamani. Dawa ilikuwa moja, fundi wa redio aipasue ile kuukuu na kuijaza betri nyingine ndani.

Sasa kwetu kitu hakikuachwa kwa fundi peke yake. Mama alikuwa na msemo wake: "Fundi ukimpa mgongo, kizima chako kinahamia kwa jirani, unarudi na kibovu cha jirani." Nikateuliwa mlinzi, mtoto wa darasa la tatu. Mama akanipa maagizo mlangoni. Nisimpe mgongo. Nisinywe chochote, maana mtu akikununulia soda anataka uende chooni. Nikiulizwa habari za nyumbani, nisiseme ukweli. Na nikimwona anabadilisha vitu, nipige kelele za mwizi.

Kibanda cha Fundi Masalu kilikuwa mjini, kimebanwa katikati ya vibanda vingine, watu wakipita mbele yake mabega kwa mabega. Baba akajieleza: seremala, mkazi wa Igogo, kazi inamsubiri. Kisha akaenda kununua bawaba za milango. Nilimwamkia fundi shikamoo kwa adabu zote, nikakaa, nikaanza kumlinda.

Aliipasua betri kwa bisibisi. Nilitegemea kuona mtambo wa ajabu, kumbe ndani mlijaa vibetri vifupi, vinene, vimeunganishwa kwa vibati vyembamba. Alivichomoa kimoja kimoja, nami sikupepesa, mpaka moshi ukanitoa machozi. Halafu akaigeuza drili yenyewe, akapitisha kidole pale palipokwanguliwa. Akanitazama. Akaita mtoto wa duka, akaninunulia soda.

Nikajua. Nikaishika ile soda mpaka ikawa ya moto.

"Baba yako anafanya kazi gani, mwanangu?"

"Polisi."

"Mnakaa wapi?"

"Buzuruga."

Fundi akaweka chini chuma chake cha kuchomelea. Hakugusa tena kitu mpaka baba aliporudi, na baba alipoingia tu, akashusha pazia la kibanda. Nikasema moyoni, ndiyo hapa sasa, anaficha.

"Kaka," alinong'ona, "hii drili ni ya nani?"

Baba yangu, ambaye sauti yake ilisikika mpaka kwa majirani wa nyuma, naye akanong'ona. Akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akaeleza habari za bosi wake. Fundi akamsikiliza, kisha akasema, "Mbona mwanao anasema wewe ni polisi wa Buzuruga?" Baba akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona.

"Mpigie mama yake," akasema, akataja namba.

Fundi akapiga. "Mama, habari za saa hizi. Niko na mumeo hapa, kuna tatizo kidogo la drili..."

"Sina mume! Matapeli wakubwa! Tafuteni mjinga mwingine!" Simu ikakatwa.

Fundi akaikumbatia drili, akasema haitoki mle mpaka aje mwenyekiti wa mtaa. Mimi nililoona ni moja tu, mtu anang'ang'ania drili ya baba. Nikasimama, nikavuta pumzi.

"Mwi..."

Mikono miwili iliniziba mdomo kwa pamoja, mmoja wa baba, mmoja wa fundi. Soda ikamwagika. Nje watu waliendelea kupita na mizigo yao. Baba akachungulia nje kwa upenyo wa pazia, nami nikamkasirikia sana. Nilimwona mwoga.

Ndipo simu ya baba ikaita. Fundi akamwambia aweke spika.

"Baba Kabula! Kuna matapeli wamenipigia, mpaka habari za drili wanazijua! Iko wapi hiyo drili? Mwambie fundi asiubandue ule mpira wa baiskeli kwenye mpini, niliushona mwenyewe kwa uzi wa kijani! Na huyo mtoto, hajanywa soda?"

Fundi akaugeuza mpini. Uzi ulikuwa wa kijani. Akacheka mpaka akajipangusa macho. Baba hakucheka. Pazia likafunguliwa, kazi ikamaliziwa, drili ikaunguruma vizuri, na milango ya Usagara ikafungwa yote. Mama alinisifu wiki nzima, kwamba nyumba ile ina mlinzi.

Miaka ilipita. Siku moja, nikiwa msichana mkubwa, nilikuwa sokoni mchana kweupe, mtu akapiga ukelele wa mwizi. Sikujua kimeibwa nini. Niliona watu wakiacha biashara zao na kuokota mawe huku wanakimbia, wakiulizana njiani, "Ni yupi? Ni yupi?" Nikakaa palepale chini.

Siku ile kibandani mimi nilimwona fundi mwizi, fundi alimwona baba mwizi, na mtaa ungekuja kumchukua yeyote. Baba alilijua hilo. Na fundi, ambaye angeweza kupaza sauti mara moja tu na kuwa shujaa wa mtaa, alilijua pia. Alimshuku baba yangu kwa kunong'ona, na ndiyo maana nimekua nikiwa na baba.