Ubao wa Alois Brutscher

Alois Brutscher hajawahi kuvaa kiatu cha kutelezea maishani mwake, na ndiyo maana bonde zima halina mtu anayeujua mchezo wa kuteleza kwenye barafu kumshinda yeye. Muulize mwenyewe. Ana miaka ishirini na sita anaendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa mji wetu, na kila Septemba, wageni wakija kwa mashindano ya kufungua msimu, hutundika ubao mlangoni mwa kantini akaandika kwa chaki: WA KUTAZAMA. Chini yake majina manane. Waandishi wa magazeti hujifanya hawauoni, kisha huunakili.

Uchawi hana. Mazoezi yakiisha hushuka kwenye mashine, akainama na kuisoma barafu kabla hajaifuta. Meno ya kiatu huacha tundu pale mtu aliporukia, na makali yake huacha mchirizi pale alipotua. Tundu moja dogo na mchirizi mmoja mrefu uliopinda: huyo anajua kazi. Matundu matatu na mikwaruzo kama kuku kaparura: huyo, Alois husema, "aende akalime viazi, jembe tayari analo mguuni."

Msimu huu ubao ulimtaja Mfini mmoja, "anaruka vizuri, ila uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino." Mfaransa: "mikono ya dhahabu, miguu ya kuazima." Binti wa Kijapani hakuandikiwa neno baada ya jina lake, na kwa Alois hiyo ni nishani. Jina la Vroni halikuwepo. Vroni ni binti yake wa kumzaa, ana miaka ishirini, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuteuliwa kwa mashindano ya kimataifa, tena nyumbani, mbele ya watu waliomwona akiota meno.

"Mfaransa wa miguu ya kuazima umemwandika, mwanao umemruka," alisema mkewe Kreszenz jioni, akimpakulia tambi za jibini kijiko kimoja badala ya vitatu. "Kula hicho hicho. Labda Mfaransa atakuongezea."

"Ng'ombe havikwi taji akiwa bado mlimani," Alois akajibu.

"Mimi si ng'ombe, Baba," Vroni akasema.

Alois akakila kile kijiko kimoja, akasukuma sahani. Ndivyo walivyo akina Brutscher. Ng'ombe wetu hukaa milimani majira yote ya joto, na Septemba wakishuka wote salama, anayetangulia huvikwa taji la maua. Akipotea hata mmoja, hakuna taji. Sasa baba yake Alois, mtu wa haraka, mwaka mmoja alilifunga taji siku mbili kabla ya kushuka, na mitamba miwili ikatumbukia korongoni. Tangu siku hiyo akina Brutscher hawasifu hata supu kabla haijafika tumboni.

Vroni hakutaka korongo wala mitamba. Alitaka jina lake kwa mwandiko ule mbaya wa baba yake, basi. Na baba yake alikuwa ameisoma barafu yake wiki nzima, akajua kwamba alistahili kuandikwa wa pili, baada ya Mjapani tu. Alijua, akaogopa, akanyamaza. Ulimi unaomkata kila mtu vipande uligoma kumsifu mtoto wake mwenyewe.

Siku ya mwisho kura ikaamua: Vroni ateleze wa kwanza kwenye kundi lake, mara tu baada ya mashine kupita. Haya, Alois angeachaje kusaidia? Mizunguko ya mashine ni tisa, haiongezwi. Siku hiyo akaongeza wa kumi, akarudi kwenye ile kona ya mbali ambako Vroni hutua mruko wake mkubwa wa kwanza, akaimwagia maji ya moto ya upendo, yagande laini kuliko kwingine.

"Alois, unapika supu?" akapiga kelele Xaver, bawabu.

"Linda mlango wako!"

Dakika za kupasha mwili zikapita na kona bado inang'aa kwa maji yasiyoganda. Vroni aliiona. Alisimama pale, akaitazama, akamtazama baba yake nyuma ya kioo cha mashine. Muziki ukaanza. Akaruka, akatua konani, maji yakaruka, na yeye akakaa chini puu! mbele ya majaji tisa. Alinyanyuka, sketi inachuruzika, akaendelea mpaka mwisho. Akawa wa kumi na moja kati ya kumi na wanne.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga. Hawakusema kwamba atalilia kwenye banda la mashine, kofia ikiwa mdomoni ili Xaver asisikie.

Kundi lilipomaliza Alois alitoka kufanya kazi yake. Akashuka, akainama. Matundu ya kundi zima yalikuwepo, lakini upande wa pili, mbali na ile kona yake ya aibu, aliona tundu moja dogo na mchirizi mmoja mrefu uliopinda. Makali ya Vroni huyanoa yeye, baba mtu, kila Jumatatu, hawezi kuyakosea. Mtoto alikuwa ameanguka, akaamka akiwa amelowa, akaruka tena, na akatua hivi. Alois akakaa amechuchumaa mpaka mwamuzi akampigia filimbi. Kisha akapanda mashine akaufuta mchirizi ule, maana kazi ni kazi.

Sherehe zilipokwisha akaenda kwenye ubao, akaandika la tisa: Vroni Brutscher. Bila neno la ziada.

"Mashindano yamekwisha, mzee," Xaver akacheka. "Tumtazame akifanya nini, akipanga mizigo?"

"Ng'ombe wameshuka," Alois akasema. "Wote."

Asubuhi alipofungua kantini alikuta jina la kumi, kwa mwandiko mbaya kama wake: "Dereva wa mashine. Wa kutazamwa kwa karibu sana. Maji apunguze."

Ubao ule hufutwa kila Oktoba. Sasa ni Februari, na ole wake atakayeugusa.