Kuku Alizoniachia Mukamurenzi

Watu wa Kingi, kule kwetu milimani, wanapenda kunicheka ati Karangwa alikuwa muchungaji wa kuku. Waache wacheke. Mimi njo Karangwa, Hubert kwa ubatizo, na ninakuambia wazi: sikupenda kuku hata siku moja. Kwetu mwanaume iko na ng'ombe. Kuku ni kitu ya wanawake na watoto, inapita chini ya vitanda, hakuna muntu muzima anayeiuliza habari. Na kuila, aka! Baba yangu alikufa muzee sana bila kuonja nyama ya kuku, na mimi nilijua nitakufa vilevile.

Halafu mwaka wa 1953, katika mvua za mwezi wa tatu, muke wangu Mukamurenzi alishikwa na kifua. Alikohoa siku sita. Siku ya saba tulimuzika nyuma ya kanisa. Watu walikuja, wakalala kwangu siku za matanga, wakanywa pombe ya mutama, wakakunja mikeka yao, wakaenda. Nikafunga mulango. Ndani kulikuwa kuku kumi na tatu zinaniangalia.

Juu kule kwetu kuku zinalala nyumbani karibu na moto, kwa sababu ya baridi na paka-pori. Miaka yote niliziona zinaingia jioni, nikafikiri zinaingia zenyewe. Wapi! Jioni ya kwanza tatu zilipanda juu ya paa, mbili zikajificha kwenye maharagi, na mimi nikabaki nazunguka kiwanja na fimbo ya ng'ombe, nikitukana. Mukamurenzi alikuwa na sauti moja ya kuziita. Miaka thelathini niliisikia bila kuisikiliza. Nilijaribu kuifanya kwa mudomo, hivi na hivi, peke yangu katika giza lile la jioni, na hakuna hata moja iliyogeuza kichwa.

Lakini kuku hazikuwa shida yangu kubwa. Shida yangu ilikuwa Françoise. Ni mutoto wetu mumoja tu aliyebaki hai, na aliolewa Buleusa, kule Walikale, siku nne kwa miguu mpaka ndani ya pori. Françoise hakuwa na habari kwamba mama yake amekufa. Muntu wa kumutumia habari alikuwa mimi, na mimi sikutuma.

Ngoja nikueleze, usinihukumu haraka. Miaka saba kabla ya pale kijana mumoja, Nestor, alikuja kwetu na kazi ya barabara. Muntu wa pori, muwindaji, mutoto wa wawindaji. Akamupenda Françoise. Wazee wake walitembea siku zile nne kuleta mahari: mbuzi, na kuku ndani ya vitunga. Ng'ombe hakuna, kwani kwao inzi za pori zinamaliza ng'ombe. Nilijua vile, kila muntu anajua. Lakini nilisimama mbele ya wageni nikasema: "Kuku? Munataka mutoto wangu kwa kuku?" Nikakataa kikombe cha pombe walichonipa kwa mikono miwili. Nikamwambia Françoise, watu wote wakisikia, kama anawafuata asikanyage tena kiwanja changu mpaka siku nitakayomuita mimi mwenyewe. Akawafuata. Walifunga ndoa kwa misioni bila mimi. Mukamurenzi alichukua vile vitunga, akafungua kamba za miguu ya kuku.

Sasa nitume muntu aseme nini? Mama yako amekufa, njoo? Hiyo ni kumuita. Na kumuita ni kusema nilikosa. Nikasema nitatuma juma linalokuja. Juma lile lilipofika nikasema mvua ikipungua. Mvua ikapungua. Kadiri siku zilivyopita, habari ilizidi kuwa nzito, kwani sasa nilipaswa kueleza kifo na kueleza kimya changu pia.

Basi nikakaa na kuku. Wee, muntu anayesema kuku haina kazi hajaishi nayo! Nilizoea kumwaga mahindi asubuhi nikaona nimemaliza. Zikapanda juu ya meza, zikaingia ndani ya chungu, zikakula maharagi yangu yakiwa bado na moto. Jogoo lilikuwa linawika ndani ya nyumba, hapa kwa sikio, mbele ya mwanga kutoka. Utitiri ulishuka kutoka kwa kuku ukapanda kwangu. Siku ya Mungu nilijikuna kanisani mpaka jirani yangu Sebahire akahama benchi. Kuku moja ilijifunza kula mayai yake. Ingine ilichagua kutagia juu ya kitambaa cha Mukamurenzi, kile alichokunja mwenyewe na kukiweka kwa kichwa cha kitanda. Sikuweza kutoa kitambaa pale, sikuweza kufukuza kuku. Nikalala upande ule mwingine.

Ile ya kitambaa ikaanza kulalia. Ikakataa kutoka, ikakataa kula, nikinyoosha mukono inanidona mpaka damu. Nilifikiri inakufa, nikaiwekea maji karibu na mudomo. Kumbe ilikuwa kazini. Siku moja asubuhi nilisikia sauti ndogo-ndogo chini ya mabawa yake, nikakaa kitandani nacheka peke yangu. Sikuwa nimecheka tangu mwezi wa tatu. Juma lilelile mwewe alishuka akachukua vifaranga vinne, na mimi, muzee mwenye kuheshimiwa, nilikimbia katikati ya shamba na fimbo juu, nikipiga kelele, kilima kizima kikisimama kuangalia.

Halafu ugonjwa ukaingia. Kuku zilipinda shingo, zikazunguka, zikaanguka. Siku tano, nane zimekufa. Nilichimba shimo nyuma ya migomba nikazifukia, na pale juu ya shimo nililia kwa sauti. Kwa maziko ya muke wangu sikulia, wanaume walikuwa wananiangalia. Nililia kwa kuku. Niliona haya, lakini sikuweza kunyamaza.

Zile zilizopona zilianza kunifuata. Nikienda kukamua, ziko nyuma. Nikikaa mulangoni, zinakaa. Nilianza kuziambia maneno: leo kuna baridi, leo Sebahire alipita hakusalimia. Muntu akiishi peke yake, mudomo wake unatafuta kazi. Niliziambia hata habari ya Françoise. Kuku ilikuna chini tu. Lakini nilisikia vile ninavyosema, na haikunipendeza.

Ni Sebahire aliyenisukuma, na yeye alitaka kunicheka tu. Tangu maziko mwaka ulikuwa umeisha na mwezi mumoja. Tulikuwa kwenye josho la ng'ombe, watu wengi, akanionyesha kwa kidole: "Karangwa we! Nasikia mahari yako imezaa! Mukwe wako iko anangoja mutamba wake!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lazima ujue desturi yetu. Ng'ombe ya mahari ikizaa, baba ya musichana anarudishia bibi na bwana mutamba mumoja, jike changa ambalo halijazaa. Tunaita indongoranyo. Kwa mutamba ule baba anasema: ndoa hii naijua, na ninyi wawili ni watoto wangu. Baba asiyerudisha kitu, hajakubali kitu. Nilirudi nyumbani na hasira ya kupasuka. Nikafungua mulango ili nizipige zile kuku teke, na nikasimama. Zote zilikuwa uzao wa vile vitunga vya Buleusa, zile za zamani ziliisha zote. Mukamurenzi alizitunza miaka saba, hakuuza jike hata moja, na sikumuuliza sababu.

Nikasema basi. Kama mahari ni kuku, mutamba ni kuku. Nilichagua jike changa, jekundu, lililozaliwa juu ya kitambaa kile, lilikuwa karibu kuanza kutaga. Nitalitia mikononi mwa Françoise na Nestor, nitasema neno langu: nimepokea. Nikishasema vile, nitakuwa baba tena, na baba anaweza kusema: mutoto wangu, keti, mama yako alikufa.

Ng'ombe na kuku zingine niliziacha kwa Sebahire. Alitaka kucheka tena, akaniangalia usoni, akaacha. Nikaweka jike langu ndani ya kitunga, nikashika njia ya kushuka. Siku ya kwanza ni vilima na malisho. Siku ya pili miti inaanza kukufunika. Siku ya tatu hakuna tena mbingu, ni majani na maji na matope mpaka magoti, na unatembea saa nyingi bila kukuta muntu. Mvua ikipiga, nilifunika kitunga kwa koti langu nikalowa mimi. Nilitafuna mahindi nikaipa kuku mudomoni. Njia yote nilirudia maneno yangu: nimepokea, keti, mama yako alikufa. Niliyarudia kwa sauti, na kuku ndani ya kitunga ikaitika kidogo-kidogo.

Nilifika Buleusa siku ya nne, jua likiwa bado juu. Nestor alikuwa porini na nyavu pamoja na wanaume. Françoise alikuwa shambani. Kwa nyumba nilimukuta mama ya Nestor, mwanamuke mufupi mwenye mvi, na watoto wawili waliojificha nyuma yake. Wajukuu wangu. Sikujua majina yao.

"Karibu, Papa Françoise," alisema kwa Kiswahili cha shida, na Kiswahili changu hakikupita chake. Hakuniuliza miaka nane nilikuwa wapi. Alipokea kitunga kwa mikono miwili, akachungulia ndani, uso wake ukafurahi sana. "Aksanti, aksanti!" Akanipa kiti, maji ya kuosha miguu, na kikombe. Safari hii nilipokea kikombe. Neno langu nililihifadhi kwanza. Nilitaka Françoise alisikie. Nilinyoosha miguu kidogo tu, na uchovu wa siku nne ukanilaza palepale.

Harufu njo iliyoniamusha. Mbele ya mulango kulikuwa manyoya mekundu, watoto wanayarusha juu kwa mikono. Mama ya Nestor alikuja anatabasamu, akaweka bakuli mbele yangu. Kwao mugeni mukubwa anachinjiwa kuku, na kuku nilikuja nayo mwenyewe. Alitafuta nini tena? Kwetu hakuna muntu anayechinja mutamba wa indongoranyo, hata kama njaa inamumaliza, na kwa hiyo haikuniingia akilini kumwambia muntu asichinje. Nilikaa pale, mikono yangu iko wazi, sina kitu cha kuanzia.

Françoise akatokea, mugongoni kitunga cha mihogo. Alikuwa amekonda, na alikuwa mwanamuke mukubwa. Hakukimbia. Alishusha muzigo wake polepole.

"Papa," alisema.

"Françoise."

Aliangalia manyoya. Aliangalia bakuli. "Kuku ilitoka wapi?"

"Kwetu. Ilikuwa jike. Haikuwa imetaga bado."

Alishika mudomo wake kwa mukono. Yeye ni mutoto wa Kingi, sikuhitaji kumueleza. "Ulileta mutamba," alisema.

"Nilileta mutamba."

Mama ya Nestor akauliza kitu kwa kilugha chao, na wasiwasi kidogo. Françoise akamujibu na kicheko, lakini macho yake hayakucheka. Akaniambia: "Nimemuambia unashukuru. Usimuonyeshe kitu, Papa. Alifanya vizuri."

"Alifanya vizuri," nilisema. Nikaona nikingoja zaidi nitarudi Kingi bila kusema. "Françoise, mutoto wangu, keti. Mama yako..."

"Ninajua."

Alipangusa udongo mikononi mwake.

"Muntu wa kuuza chumvi alituambia, mwaka jana, mwezi wa sita. Nilinyoa kichwa. Angalia, nywele zimeota tena zote." Alivua kitambaa cha kichwa akanionyesha, sawa vile alivyokuwa ananionyesha kidonda alipokuwa mudogo. "Nililia hapa, Papa, kati ya watu ambao hawakumujua. Nilitaka kuja. Lakini ulisema nisikanyage kwako mpaka uniite. Kila mugeni aliyetokea kwa njia ile nilisimama, nikasema huyu njo Papa alimutuma."

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema," nilisema.

"Mama alikuwa amekufa, Papa. Namna gani ingine?"

Nilisimama, au nilitaka kusimama. Nilifikiri nitoke, nilale njiani, nirudi. Nikaona mama ya Nestor amesimama kwa mulango wa jiko na watoto wote wawili, anangoja nianze kula. Tabasamu lilikuwa limeanza kumutoka.

Françoise alisukuma bakuli karibu na magoti yangu. Alisema kwa Kinyarwanda, lugha yetu ya nyumbani, sauti ya chini kabisa, ili wengine wasisikie: "Kula, Papa. Ukikataa tena chakula chao, mimi nitakaa wapi?"

Nikanawa mikono. Nikachukua kipande cha kwanza, nikakitia mudomoni, nikatafuna, nikameza, nikachukua kingine. Françoise alikaa chini mbele yangu, anaangalia mukono wangu unakwenda na kurudi, mpaka nikamaliza bakuli zima.