Chanjo ya Kichomi na Wageni wa Kanazi

Nilizaliwa na pumu. Nyumbani kwetu Ijumbi kila mtu alijua kwamba kati ya sisi ndugu, mimi ndiye nitakayetangulia. Wapi! Ugonjwa ule wa kukondesha, ambao hakuna aliyeutaja jina, ulipoingia uliwachukua kaka zangu wenye vifua vizima, ukaniacha mimi na mluzi wangu kifuani. Wote tuliwazika kwenye kibanja, katikati ya migomba, nami nikabaki na nyumba kubwa isiyo na mtu wa kuniuliza hata nimeamkaje.

Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kuugua peke yangu. Mwaka mmoja kichomi kilinilaza wiki nzima, na maji ya kunywa niliyafuata kwa kutambaa. Kwa hiyo daktari wa pumu kule Bukoba aliposema ameletewa chanjo ya kichomi, chache tu, za watu wazima wenye maradhi ya kudumu, sikungoja kubembelezwa. Watu kwenye benchi walinikodolea macho. Miaka ile chanjo ilikuwa ya watoto. Mtu mzima akionekana akitoka chumba cha sindano, mtaa mzima ulishamhukumu kwamba ana ugonjwa ule.

Mkono ulivimba, homa ikapanda. Muuguzi alikuwa amenionya, basi nikajifunika blanketi nikatulia. Jirani alinichungulia dirishani, akaondoka bila kuuliza kitu. Habari ikafika mpaka Kanazi, kwa shangazi yangu.

Nilikuwa nimeshapata nafuu alipofika shangazi na binamu zangu wawili, watu ambao hawakuwa wamekanyaga kwangu tangu msiba wa mwisho. Shangazi alibeba lubugo, ile nguo ya gome la mti tunayozikia, ameikunja vizuri kikapuni na kuifunika kwa majani ya mgomba. Niliiona. Wala sikuchukia. Nilifurahi, tena mno, na hilo nalisema wazi. Binamu walizunguka kibanja wakikipima kwa macho, kila mmoja kivyake. Shangazi alimenya ndizi, akawasha moto, akaimba kidogo jikoni. Nyumba ikawa na sauti za watu. Kisha akaja kuketi kando ya kitanda, akanipangusa uso kwa kanga yake.

“Mwanangu, ilianza lini?”

Ningeweza kunyamaza. Angelala pale, labda wiki, labda mwezi.

“Shangazi, si ugonjwa ule. Nimechanjwa kichomi, na homa imeshakwisha.”

“Kasinge waitu!” akashukuru kwa Kihaya, akashika kifua. “Kwa hiyo hufi?”

“Sifi.”

Alicheka, akanipiga begani, akamshukuru Mungu kwa machozi ya kweli. Sina la kumlaumu. Kule Kanazi alikuwa amemwacha mgonjwa mwingine, naye hakuwa na chanjo wala nafuu. Aliwaita binamu, akajitwisha kikapu chake, wakawahi gari la jioni.

Ndizi zilikuwa bado jikoni. Ziliiva, chungu kizima. Nikapakua, nikaketi, nikaanza kula peke yangu, na kabla sijamaliza sahani nilikuwa naomba homa irudi.