Maksai Aliyevaa Kipande

Mjomba wangu alikuwa mwendesha gari la maksai kwenye shamba la chai, upande wa barabara ya kwenda Bomet. Kazi yake ilikuwa kubeba majani mabichi kutoka shambani mpaka kiwandani. Maksai wake, mali ya shamba, walikuwa wawili, mweusi wa kulia na mwekundu wa kushoto, na aliwapenda kuliko alivyotupenda mimi na mama, tuliolala naye chumba kimoja katika laini za wafanyakazi. Shingoni, kama wanaume wote, alining'iniza kipande chake: karatasi yenye jina na alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati chenye uzi. Ukikutwa njiani bila kipande, unalala ndani. Sisi wanafunzi tulikuwa hatujapewa bado, kwa hivyo tulikiona kichekesho. Wakubwa wetu tuliwaita mbuzi wa kengele.

Jumamosi moja mchana mjomba akashuka mtoni kuoga. Shati na kikopo akavitundika kwenye tawi. Maksai mweusi alikuwa karibu, anakula nyasi, hana habari na dunia. Nikakitwaa kikopo nikakifunga kwenye pembe lake, kikamning'inia karibu na jicho kama hereni ya bibi arusi.

"Sasa bwana mkubwa," nikamwambia, "unaweza kutembea mpaka Londiani na hakuna askari atakayekuuliza."

Nikakimbia kuwaita wenzangu waje wacheke. Tuliporudi, mwekundu alikuwa amesimama peke yake. Mweusi ametembea.

"Leo ni maksai mwenye kipande," mmoja wao akasema. "Kesho utatuletea kuku mwenye kofia." Wakarudi kwenye mpira wao.

Mjomba alitoka majini akapapasa majani chini ya tawi, akapapasa tena. Akasema uzi umekatika, ulikuwa mzee, labda kikopo kimechukuliwa na maji. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Lakini mkono wa mjomba ulikuwa mzito, nami nikajiambia maksai atarudi jioni, nitakifungua kimyakimya, basi. Maksai hakurudi, ingawa mjomba alimwita mpaka giza. Na mjomba hangeweza kwenda kuripoti kwamba amepoteza kipande, kwa sababu njia nzima ya kwenda kuripoti angekuwa mtu asiye na kipande.

Jumapili asubuhi nyapara alikuta ngozi na kichwa kwenye miti ya miwati. Nyama imekwenda. Kando ya ngozi, kikopo. Wezi, ambao hata leo hawajulikani, walikuwa wameukata uzi wakakitupa. Karani wa shamba akakifungua, akasoma, na mjomba akafungwa mikono kabla hajamaliza uji wake.

Siku tatu sikusema kitu. Mwalimu alikuwa ameniapia kwamba mzaha mmoja zaidi na shule kwaheri, maana muhula ule ule nilikuwa nimegonga kengele ya kwenda nyumbani saa nne asubuhi, na shule nzima ikaenda nyumbani, mwalimu akiwa mbele. Nikajipa moyo: wezi watashikwa tu, mtu hali maksai mzima bila kunuka.

Siku ya tatu, siku ya kesi, mama alikuwa anafunga chakula cha kumpelekea mjomba kwenye boma la serikali, Kericho. "Ndugu yangu amchinje yule mnyama?" akasema peke yake. "Angeanza na mimi."

Nikamwambia. Hakunipiga. Alimaliza kufunga chakula, akasema, "Vaa shati."

Njiani akasema tena, "Wakili hatuna. Wewe ndiye mwenye maneno mengi. Leo yafanye kazi."

Nikayapanga maneno yangu vizuri kuliko nilivyowahi kupanga insha. Mahakamani nikaanza kumweleza hakimu, mzungu mwenye mafua, kupitia kwa mkalimani: nilichukua kikopo, nikakifunga kwenye pembe la maksai. Mkalimani akasita, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pembe la nani?" Alipotafsiri, chumba kizima kikacheka. Askari wa mlangoni alijifuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nachekesha watu bila kutaka, na sikuweza kuwanyamazisha.

"Nani alikuona?" hakimu akauliza.

"Maksai, bwana."

Sikuwa nafanya mzaha. Wakacheka tena.

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Niliogopa."

"Na leo huogopi?"

Akamwita mwalimu, ambaye mama alimpitia njiani, naye masikini akaja kunisaidia. Akamuuliza kama mimi ni msema kweli. Mwalimu ni mtu wa kanisa. Aliniangalia kwa huruma kubwa, kisha akaeleza habari ya kengele.

Nilibakiwa na neno moja tu. "Bwana, mwizi gani huacha jina lake kando ya ngozi?"

Kalamu ya hakimu ikasimama. Nakwambia ilisimama, niliiona. Kisha akapiga chafya, akasema, "Mwizi mwenye haraka," na kalamu ikaendelea. Mwaka mmoja na nusu.

Tangu siku ile nimeigeuza kesi hiyo kichwani wakati wa hesabu na wakati wa sala, na sipati aliyedanganya. Jina lilikuwa la mjomba, vidole vyake. Kikopo kilikuwa pale kweli. Siku tatu nilinyamaza kweli, na kengele niliigonga. Ukweli wote ule ukapangwa jiwe juu ya jiwe, na mjomba akabaki ndani ya ukuta.

Juzi nilikuta wafungwa wanafyeka nyasi kando ya barabara ya shule. Mjomba ameisha, masikio tu ndiyo yamebaki na ukubwa wao. Askari alikuwa mbali kidogo, anawasha sigara.

"Mwekundu wangu anaendeleaje?" mjomba akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hataki nira na mwenzake mpya. Wakimfunga, analala chini."

"Mwerevu huyo." Akafyeka kidogo. "Mpwa wangu, sikukushukuru. Ule uongo wako wa pembe ulikuwa mtamu. Hata mimi nilitaka kuuamini."

"Mjomba, si uongo. Nilikifunga mimi."

"Ndiyo, wakili. Shikilia hapo hapo."

"Mjomba, haki ya Mungu. Kwenye pembe la kulia. Mafundo mawili."

"Mafundo mawili!" Akacheka mpaka askari akageuka. "Uzi ulikatika, mimi naujua uzi wangu. Lakini wewe hata mafundo umeyahesabu!"

Askari akapiga filimbi. Mjomba akainama, akaendelea kufyeka, mabega yake bado yanacheka.